Shajara ya mradi: historia ya mwanzo ya chama cha wapiganaji wa Mau Mau katika kata yetu

Mradi huu unakusanya historia ya miaka ya mwanzo ya kikundi cha wapiganaji na wafungwa wa zamani wa Mau Mau, waliopigana na ukoloni wa Waingereza, katika kata moja ya Tetu, Kaunti ya Nyeri. Lengo ni kijitabu, pamoja na hazina ya sauti itakayowekwa maktabani ili yeyote aende aisikilize. Naandika hapa kila hatua inapokamilika, ili aliye Murang'a, Embu, Meru au Nakuru na bado ana wazee wake asipoteze muda pale tulipoupoteza sisi. Wazee wameridhia shajara isomwe na watu. Majina yao tumeyaacha nje.

14 Januari 2023: Faili ya katibu

Tulianza na faili ya katibu kwa sababu ndiyo iliyokuwa karibu. Mlikuwa na orodha ya wanachama, risiti za ukumbi, nakala za barua kwa chifu na kumbukumbu za mikutano. Karatasi kongwe kuliko zote ni ya 2004. Ukiifuata faili hiyo, chama ni kidogo kiumri kuliko wajukuu wanaowashika wazee mkono kuwaleta mkutanoni.

Wakubwa wanajua kwa nini, lakini vijana wengi niliowauliza hawajui. Serikali ya kikoloni iliipiga Mau Mau marufuku Agosti 1950, miaka miwili kabla ya Gavana Evelyn Baring kutangaza Hali ya Hatari tarehe 20 Oktoba 1952. Uhuru ulipokuja Desemba 1963, marufuku ile haikufutwa. Mwaka 1962 Jomo Kenyatta alikuwa amekwisha kusema hadharani kule Githunguri kwamba Mau Mau ilikuwa ugonjwa uliokwisha tokomezwa na usikumbukwe tena. Sheria ikakaa vitabuni enzi zote za Kenyatta na za Moi, hadi serikali ya Mwai Kibaki ilipoiondoa mwaka 2003. Chama cha kitaifa cha wapiganaji wa zamani kikasajiliwa mwaka huohuo, na vikundi vya mashinani kama chetu vikapata nafasi ya kujitaja.

Maana yake ni kwamba kwa miaka 40 ya uhuru, wazee waliokutana kwa jina lao halisi walikuwa wanavunja sheria. Nani angeandika kumbukumbu za mkutano kama huo na kuzitia sahihi? Anayetaka kuandika historia hii kwa kutegemea faili ataishia ukurasa mmoja. Tukaifunga, tukaamua kwenda kwa watu majumbani.

Gharama ya hatua hii: nauli na madaftari, chini ya shilingi 1,000.

25 Februari 2023: Mazungumzo ya benchi hayafai

Tuliwaketisha wazee pamoja ukumbini, kinasa sauti katikati, chai na mkate pembeni. Ilionekana njia ya heshima na ya haraka. Haikutupa kitu. Mzee aliyekuwa na cheo msituni alizungumza, wengine wakaitikia kwa kichwa. Swali lililoelekezwa kwa mwingine lilizunguka likarudi kwake. Akina mama walioalikwa walihudumia chai.

Kosa halikuwa la mzee yule. Katika kata hii kuna watu ambao ndugu zao walikuwa homgadi, yaani askari wenyeji waliokuwa upande wa mkoloni. Wengine walikiri mapema kwamba walikula kiapo cha Mau Mau ili watoke kwenye kambi za wafungwa warudi kwa watoto, na wengine walitajwa na jirani aliyefunikwa gunia usoni lenye matundu mawili ya macho. Mambo hayo hayasemwi mbele ya benchi, hata baada ya miaka 70. Tulichonasa siku hiyo ni hotuba nzuri ya Siku ya Mashujaa, na hotuba za namna hiyo ziko tele.

Tulichobadilisha: tunakwenda kwa mtu mmoja mmoja, nyumbani kwake, na anachagua mwenyewe nani aketi naye. Siku ya kwanza kinasa sauti hakitoki mfukoni. Akina mama wanahojiwa na mama.

Swali nalo tulilibadilisha. "Chama kilianza lini?" lilikuwa linaleta jibu la 2003 kila mara. Sasa tunauliza: "Ulipotoka kambini, nani alikupokea, na alikupa nini?" Hapo ndipo mambo yalipofunguka. Guka (babu) mmoja alipewa blanketi na nusu ya jembe lililovunjika mpini. Mwingine alipewa kona ya kulala katika nyumba ya mtu ambaye hawakuwa na udugu wowote, walifahamiana kambi ya Manyani tu. Majina ya wapokeaji yalianza kujirudia kutoka nyumba hadi nyumba, tukayachora kwenye karatasi kubwa kwa mishale. Anayefanya mradi kama huu achukue swali hilo kabla ya jingine lolote.

1 Aprili 2023: Kadi ya matukio

Wazee hawasemi 1957. Wanasema "wakati wa mtaro", "tulipotolewa vijijini", "mwaka wa kupimwa mashamba". Mwanzoni tulijaribu kuwabana kwa miaka, tukapata miaka ya kubahatisha iliyopingana yenyewe kwa yenyewe ndani ya saa moja.

Tukatengeneza kadi moja ngumu yenye matukio ambayo tarehe zake hazina ubishi: Hali ya Hatari, Oktoba 1952. Msako mkubwa wa Nairobi, Aprili 1954. Watu kuhamishiwa vijiji vyenye uzio, 1954 na 1955. Kukamatwa kwa Dedan Kimathi, 21 Oktoba 1956, na kunyongwa kwake Kamiti, 18 Februari 1957. Mauaji ya kambi ya Hola, 3 Machi 1959, ambapo wafungwa 11 walipigwa hadi kufa. Mwisho wa Hali ya Hatari, Januari 1960. Wapiganaji kutoka msituni na kukusanyika Ruring'u, Desemba 1963. Kuuawa kwa mbunge J.M. Kariuki, Machi 1975. Kifo cha Kenyatta, Agosti 1978. Njaa ya 1984.

Halafu unauliza: mtoto wako wa kwanza alizaliwa kabla ya Ruring'u au baadaye? Mlipoanza kuchangishana, J.M. alikuwa hai? Tukio la J.M. ndilo lililotusaidia kuliko yote. Yeye mwenyewe alikuwa amefungwa katika kambi hizo, na wazee wa hapa walimhesabu kuwa wao. Karibu kila tuliyemuuliza alikumbuka kwamba baada ya mwili wake kupatikana Ngong, walikaa muda mrefu bila kukutana kwa woga. Mtu hawezi kusitisha mikutano ambayo haipo. Kwa hiyo mikutano ilikuwepo kabla ya Machi 1975, na tukajua mahali pa kutafuta.

Tulichapa kadi 10, kila moja shilingi 50. Hakuna fedha iliyozaa kuliko hizo 500.

3 Juni 2023: Sauti na mabati

Masika yalitukuta nusu ya mahojiano. Nyumba nyingi huku ni za mbao na mabati bila dari, na mvua ikianza simu hainasi kingine. Tulinunua maikrofoni ndogo ya kubana nguoni kwa shilingi 1,800. Ibane kwenye kola ya shati: wazee wetu huvaa makoti mazito hata adhuhuri, na koti likikwaruza maikrofoni utasikia mkwaruzo tu. Saa nne asubuhi ndiyo saa nzuri, kabla mawingu hayajashuka kutoka Nyandarua na mzee hajachoka.

Kila sauti inahifadhiwa mahali pawili siku ileile, kwa namba na tarehe, bila jina. Kunakili mahojiano tulijaribu kwa programu ya simu, ikashindwa kabisa na Kikuyu cha wazee. Tunanakili kwa mkono, na mwalimu mstaafu anapitia kila ukurasa. Hapo ndipo muda mwingi unapokwenda, ujipange.

22 Julai 2023: Fomu na kidole gumba

Hatua hii karibu ivunje mradi. Nyumba kadhaa zilitufungia mlango baada ya kuona tumeshika karatasi.

Historia yake ni hii. Juni 2009 wazee watano walifungua kesi Mahakama Kuu ya London kwa mateso waliyoyapata kambini. Julai 2011 Jaji McCombe aliamua kuwa kesi ina msingi, na Oktoba 2012 akaamua kwamba wadai watatu waliobaki, Wambugu wa Nyingi, Paulo Nzili na Jane Muthoni Mara, wanaweza kusikilizwa licha ya miaka mingi kupita. Tarehe 6 Juni 2013 serikali ya Uingereza, kupitia William Hague, ilieleza masikitiko yake bungeni na kukubali kulipa pauni milioni 19.9, gharama za kesi zikiwemo, kwa wadai 5,228. Kila mmoja alipata takriban pauni 2,600. Wengi waliopitia mateso yaleyale hawakuwemo kwenye orodha hiyo. Kesi ya pili, iliyokuwa na wadai zaidi ya 40,000, ilishindwa mwaka 2018.

Kati ya kesi hizo mbili, watu walipita vijijini na fomu wakikusanya "ada ya usajili" kutoka kwa wazee, wasionekane tena. Basi mgeni mwenye fomu huku ni mtu wa kuogopwa, na ni haki yao kuogopa. Wengine walitupokea kwa sababu mbaya zaidi: waliamini tumeleta malipo, wakaanza kusimulia mateso kwa mpangilio wa hati ya kiapo ya mahakamani.

Tatizo la pili lilikuwa idhini yenyewe. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka ridhaa ya mtu, nasi tulikuwa na fomu safi yenye nafasi ya sahihi au dole gumba. Shosho (bibi) mmoja aliutazama wino akarudisha mkono chini ya shuka. Kipande cha mkoloni, yaani kitambulisho cha lazima, kilikuwa na alama za vidole, kikitundikwa shingoni ndani ya kikasha cha bati. Hakuna maelezo yatakayomfanya mtu wa rika lile aone wino na kidole kuwa jambo dogo.

Tuliziacha fomu. Ridhaa sasa inatolewa kwa sauti, kwa Kikuyu, mwanzo wa kila mazungumzo: mradi ni wa nini, hauna malipo, nani atasikia, na kwamba anaweza kutuambia tufute hata mwakani. Mwenyekiti wa kikundi ndiye anayesema neno la "hakuna malipo", maana likitoka kwetu vijana halina uzito. Na kila aliyehojiwa anarudishiwa sauti yake kwenye kadi ya kumbukumbu, shilingi 450 kila moja. Ni ghali kwetu, lakini mlango uliofungwa mwezi uliopita ulifunguliwa na jirani aliyekwisha kusikia sauti yake ikirudi nyumbani.

9 Septemba 2023: Akina mama

Wiki hii tumempoteza Field Marshal Muthoni Kirima, aliyefariki tarehe 4. Aliingia msituni akatoka baada ya uhuru, na nywele zake alizozifuga tangu huko zilinyolewa Aprili 2022 na Mama Ngina Kenyatta. Hapa kwetu Nyeri msiba huu ni wa nyumbani.

Msiba uliwakusanya wanawake ambao hawakuwahi kuja ukumbini, na mazungumzo yakaanza yenyewe. Kikundi chao cha kuchangiana kilikuwepo kabla ya cha wanaume. Waliopeleka chakula msituni, waliochimba mtaro kati ya mashamba na msitu, waliofungwa Kamiti, walirudi wakakuta nyumba hazina paa na mashamba yamekwisha kupimwa upya na kugawanywa wenye nyumba wakiwa kambini. Walianza kwa kuezekeana, zamu kwa zamu. Kila Jumamosi nyumba moja.

Kwa heshima zote, rasimu yetu ya kwanza iliwaweka kwenye aya moja kuelekea mwisho. Imeandikwa upya, na sura ya kwanza sasa ni yao.

18 Novemba 2023: Daftari

Mwezi uliopita uliisha na maneno ya Mfalme Charles wa Uingereza, aliyesema Nairobi kwamba matendo ya wakati ule yalikuwa ya kuchukiza na hayana udhuru. Wazee walisikiliza redioni pamoja, wakangoja neno la kuomba radhi. Halikuja. Guka mmoja aliuliza kama redio imekatika.

Lakini lililotokea baada ya hapo kwetu ni kubwa zaidi. Mjane wa mweka hazina wa zamani, akiwa amesikia sauti ya jirani yake kwenye kadi, alituita. Chini ya kitanda alikuwa na mkebe mkubwa wa mafuta ya kupikia ya Kimbo, na ndani yake, chini ya risiti za kahawa, daftari la shule lisilo na jalada. Juu ya ukurasa wa kwanza pameandikwa kwa penseli: Mchango wa mazishi. Tarehe ya kwanza ni Agosti 1971. Kuna safu nne: jina, kiasi, tarehe, na herufi moja au mbili zisizo na maelezo. Kiasi mara nyingi ni senti 50, mara chache shilingi.

Kurasa za katikati ziligandamana kwa moshi na mafuta. Kisu hakifai: kona moja ilichanika mara moja, tukasimama. Kilichofaa ni kipande chembamba cha plastiki, kikisukumwa polepole kutoka upande wa uti wa daftari, na ukurasa ukiachwa upumue kabla ya kufungua mwingine. Tulipiga picha kando ya dirisha bila taa ya simu, kwa sababu taa inaifuta penseli isionekane. Mama hakutaka daftari lilale nje ya nyumba yake, na halikulala.

Herufi zilitushinda kwa muda mrefu. M, MK, MG, H, K, na chache zisizosomeka. Tulizijaribu kama vitongoji, hazikulingana. Tukazijaribu kama makanisa, kisha kama mbari (koo), bila mafanikio. Tulipomrudia mwenyewe na kumsomea kwa sauti, alisema bila hata kutazama: "Mimi ni K. Kamiti." M ni Manyani, MK ni Mackinnon Road, MG ni Mageta, kisiwa cha Ziwa Victoria, H ni Hola. Tukachukua mahojiano tuliyokwisha kuyafanya kabla ya kuliona daftari, tukalinganisha. Kila tuliyemhoji ambaye jina lake limo, herufi yake ni ya kambi aliyotuambia.

Kisha akatueleza utaratibu, na wazee wawili wakauthibitisha kila mmoja kwa wakati wake. Mtu hakupokelewa mpaka adhaminiwe na wawili wenye herufi yake. Yeyote angeweza kudai alifungwa, hasa baada ya uhuru. Lakini ni mtu wa Mageta tu anayejua jinsi maji yalivyokuwa yanagawanywa Mageta. Aliyedhaminiwa akifiwa, mfuko unanunua sanda na mbao, na wenye herufi yake ndio wanaochimba kaburi.

Hiki ndicho chama chenyewe. Kina masharti ya kujiunga, njia ya kuthibitisha wanachama, mfuko na majukumu, na jina ambalo chifu yeyote angelipitisha bila kuuliza. Kilikuwepo miaka 32 kabla ya marufuku kuondolewa. Nawaambia wenzangu wa kata nyingine kwa uzito wote: msitafute katiba wala kumbukumbu za mikutano. Ulizeni nani alikuwa anashika fedha za mazishi, na mjane wake yuko wapi, na mwende mapema. Wenzetu wa Nakuru wana mfano wao ulio wazi zaidi, maana chama cha wapigania uhuru wa zamani wa wilaya ile kiligeuka kampuni ya kununua ardhi, na kifupi cha jina lake, Ndeffo, sasa ni jina la mahali kule Njoro.

Gharama: kurudufu daftari nakala mbili na kujalidi, shilingi 900.

24 Februari 2024: Nyaraka za Nairobi

Tulikwenda Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, Moi Avenue, tukitumaini kupata upande wa serikali kuhusu waliorudi. Ripoti za wilaya zipo, na wahudumu wanajua kazi yao. Andika mapema unachotafuta na miaka yake, usiende na swali pana, utazama.

Ripoti zinahesabu waliofunguliwa, vibali vya kusafiri, waliopewa vyeti vya uaminifu. Hazisemi nani alimpokea nani. Na mengi hayapo kabisa: kabla ya uhuru, nyaraka za kikoloni zilichomwa au kupelekwa Uingereza, na ni kesi ya wazee wetu iliyoilazimisha serikali ile kukiri mwaka 2011 kwamba ilikuwa na faili zipatazo 1,500 za Kenya zimefichwa katika ghala lake la Hanslope Park. Sasa ziko Kew, kwenye Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Uingereza, kundi la FCO 141, na orodha yake inasomeka mtandaoni. Tumeichambua orodha, lakini kuagiza nakala kumezidi mfuko wetu. Mtu mmoja wa kata hii anayeishi London amejitolea kwenda kusoma faili tulizochagua.

Kilichotufaa Nairobi ni kidogo lakini kizuri: tarehe za kufunguliwa kwa makundi kutoka Mageta na Manyani, ambazo zimeweka sawa sehemu mbili za kadi yetu ya matukio.

15 Juni 2024: Rasimu yasomwa ukumbini

Tulisoma rasimu nzima kwa sauti, kwa Kikuyu, mbele ya wanachama na familia. Tuliposoma sura ya utangulizi hakuna aliyepinga: inaanza mwaka 1945, kwa sababu wanajeshi wa Kiafrika waliorudi kutoka Burma waliona wenzao Wazungu wakipewa mashamba na wao wakirudishwa kwenye kipande. Waruhiu Itote, aliyekuja kuwa Jenerali China, alikuwa mmoja wa waliopigana Burma.

Ugomvi ulianza kwenye orodha. Waliokuwa msituni walitaka watajwe kwanza. Waliofungwa wakasema msitu ulilishwa na vijiji, na vijiji ndivyo vilivyolipa. Tulipendekeza vyeo, ikawa vibaya zaidi. Mwishowe tukakubaliana kufuata mpangilio wa daftari: aliyeanza kuchanga kwanza anatajwa kwanza. Hakuna aliyeweza kupinga mwandiko wa marehemu.

Kisha ukaja mstari mgumu. Katika daftari, kuanzia 1976, kuna wanawake wawili wasio na herufi. Ni wajane wa homgadi. Walichanga, na walipofariki walizikwa na mfuko uleule. Kijana mmoja alisimama akasema hawastahili kuwemo, kwamba babu yake alipigwa na mume wa mmoja wao. Hakuna aliyemkemea, kwa sababu ni kweli. Shosho wa Kamiti alimjibu kwamba yeye ndiye aliyemdhamini yule mjane, kwa kuwa walikuwa wanateka maji pamoja na mtoto wake alikuwa hana viatu, na kwamba kama kuna wa kulaumiwa alaumiwe yeye aliye hai. Mjadala ulikwenda hadi magharibi. Uamuzi: kijitabu kitasema wazi kwamba wajane hao walipokelewa, mwaka gani, na kwa udhamini wa nani, bila kutaja majina ya waume. Kijana aliomba pingamizi lake liandikwe nalo. Limeandikwa, ukurasa huohuo.

Mimi naona ukurasa huo ndio bora katika kijitabu chote.

12 Oktoba 2024: Uchapishaji

Kijitabu kina kurasa 64, Kikuyu upande mmoja na Kiswahili upande wa pili. Mchapishaji wa kwanza tuliyempa kazi alitoa sampuli ambayo picha za daftari zilikuwa nyeusi tupu, akakataa kurudisha amana ya shilingi 5,000. Omba sampuli ya ukurasa wenye picha ngumu kuliko zote kabla ya kulipa chochote. Wa pili aliongeza mwanga wa picha na kutumia karatasi nzito kidogo, na penseli inasomeka.

Nakala 200 kwa shilingi 270 kila moja ni 54,000. Ukijumlisha nauli, maikrofoni, kadi za kumbukumbu, chai, posho ndogo ya mwalimu anayepitia maandishi na amana iliyopotea, mradi umefikia karibu shilingi 118,000. Harambee ya familia ilitoa sehemu kubwa. Hatukuchukua fedha ya mwanasiasa yeyote, ingawa wawili walitutafuta. Sharti lao lilikuwa picha yao kwenye jalada.

Nakala moja imekwenda maktabani pamoja na sauti. Kila nyumba iliyomo kwenye daftari ina yake, na nyumba zilizohamia Laikipia na Nakuru zinaendelea kufuatiliwa kwa simu. Daftari lenyewe liko kwenye mkebe wake, na mama ametuahidi kwamba mjukuu wake wa kike ndiye atakayelirithi.

Kinachofuata: herufi ambazo hazikusomeka. Mbili kati yake zinaweza kuwa kambi za Mwea, na kuna mzee mmoja Kirinyaga aliyefungwa huko ambaye amekubali tumpelekee picha za kurasa hizo wiki ijayo. Aliye na mzee wa Mwea, Takwa au Lodwar, na anayekumbuka majina ya mabweni au ya wenzake wa chumba, atusaidie. Kadi ya matukio na maneno ya ridhaa tunampa bure yeyote anayeanza kazi hii kwao.